Etaji ao kupanua pembeni? Namna ya kuamua kabla hujanunua simenti, kwa wenye nyumba Bukavu

Hapiti wiki bila mtu kunisimamisha njiani. "Fundi, watoto wamekuwa wakubwa, nyumba imetubana. Nipandishe etaji ao nisogeze ukuta?" Anataka jibu palepale, tumesimama Essence tunangoja gari. Jibu sina, kwa sababu sijaona kilicho chini ya nyumba yake. Mara nyingi hata mwenyewe hajakiona, na fundi aliyejenga alishahama ao alishafariki.

Basi naandika mara moja, mtu asome kwake kwa utulivu. Kwa msomaji wa mbali: etaji ni ghorofa, baramina ni mtaimbo, dali ni zege ya sakafu ya juu, poto ni nguzo ya zege, shenaji ni mkanda wa zege unaofunga kuta, feri ni nondo, parseli ni kiwanja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi za parseli, pamoja na mchoro wenye vipimo.
- Mita ya utepe, kamba, vijiti vinne, timazi.
- Chepeo na baramina.
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa mita 12 hivi, wa kupimia usawa kwa maji.
- Daftari, na simu ya kupigia picha.
- Siku mbili: moja ya jua, moja ya mvua kubwa.
- Pesa ya kumwita injinia mara moja. Iweke pembeni tangu sasa usije ukailia. Mwongozo huu utakusaidia kujua umuulize nini, lakini kazi yake hauwezi kuifanya.

Hatua ya 1. Pima ulichonacho

Pima parseli yote, kisha nyumba, kisha nafasi inayobaki kila upande. Chora kwenye daftari, hata vibaya. Weka alama mahali pa choo, fosi ya maji machafu, bomba la maji na njia ya kupitia. Watu wengi wanaosema "nafasi ya pembeni ninayo" wanahesabu juu ya fosi. Chumba juu ya fosi ni chumba kitakachobonyea siku moja, na harufu itatangulia.

Kama ukishatoa njia na fosi unabaki na upana usiofika mita 2.5, acha kuwaza pembeni upande huo. Utapata korido, chumba hautapata.

Hatua ya 2. Chimba shimo

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Chimba shimo moja kando ya ukuta unaobeba paa, upana wa sentimita 60, urefu wa 80, mita moja hivi kutoka kwenye kona. Chimba siku kavu. Shuka mpaka uone msingi unapoishia, usipite hapo, na usichimbe chini yake hata kidogo. Piga picha, pima, kisha fukia siku hiyohiyo ukishindilia udongo kila sentimita 20.

Ndani ya shimo angalia mambo manne: msingi umeshuka kiasi gani, una upana gani, mawe yamefungwa na nini, na udongo ulio chini yake ukoje.

Niwaeleze shimo moja, lilikuwa Kadutu, komini ya hapa Bukavu. Mzee alikuwa na nyumba ya matofali, kuta zimenyooka, mawe ya msingi yamechorwa simenti vizuri kwa nje, unaweza kuyapiga picha ya arusi. Feri za etaji alishazinunua, zimelala kwenye korido, watoto wanaziruka wakienda shule. Nilichimba. Kwa sentimita 45 msingi ukaisha. Nikaweka ncha ya baramina kati ya mawe mawili, nikasukuma kwa mkono mmoja tu: ikaingia kama kijiko kwenye ugali. Simenti ilikuwa ya usoni, unene wa kidole. Ndani mawe yalikuwa yamepangwa kwa udongo mtupu. Mzee alinyamaza, akaomba kigoda, akakaa pale kando ya shimo.

Msingi wa namna ile unabeba paa la mabati miaka 30 bila shida. Dali haubebi.

Ukiona mawe yamefungwa kwa simenti mpaka ndani, msingi umeshuka angalau sentimita 80, una upana wa sentimita 50 na zaidi, na udongo chini ni mgumu na mkavu, mazungumzo ya etaji yanaweza kuanza. Kuanza tu. Ukiona udongo mweusi wa kujaziwa, takataka, ao maji yanajikusanya ndani ya shimo, etaji ya dali juu ya kuta hizo isahau.

Kisha nenda kwenye poto, kama zipo. Bandua plasta chini kidogo ya poto moja, uone feri ni ngapi na za unene gani. Na hapa kuna udanganyifu mmoja nimeukuta mara nyingi: feri nne zimesimama juu ya nyumba kama pembe za mbuzi, mwenye nyumba anasema "nilishaandaa etaji tangu mwanzo." Unabandua plasta chini yake, poto haipo. Fundi alizichomeka kwenye shenaji ili baba afurahi. Feri zinazoonekana juu hazikuambii kilicho ndani ya ukuta.

Hatua ya 3. Soma mteremko, na uusome siku ya mvua

Bukavu si mji wa tambarare. Kupanua pembeni hapa, mara nyingi, maana yake ni kukata mlima upande wa juu ao kujaza udongo upande wa chini.

Jaza mpira maji, weka ncha moja sehemu ya juu ya eneo unalotaka kujenga na nyingine sehemu ya chini, uone ardhi inashuka kiasi gani kwa kila mita 10. Kipimo changu cha kazini ni hiki: chini ya mita 1, panua bila wasiwasi mkubwa. Kati ya mita 1 na 3, utahitaji ukuta wa mawe wa kushikilia udongo, na ukuta huo uuhesabu ndani ya bei ya chumba. Zaidi ya mita 3, ukuta peke yake unaweza kula pesa nyingi kuliko chumba.

Kisha ngoja mvua kubwa. Vaa buti, zunguka nyumba, uone maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Maji ya paa la jirani wa juu yanaingia kwako? Yako yanamwagikia nani? Yachore kwenye mchoro wako.

Angalia pia dalili za udongo unaotembea: miti iliyoinama yote upande mmoja, ngazi za nje zilizopasuka katikati, milango inayokataa kufunga kila msimu wa mvua, nyufa za mshazari zinazorudi baada ya kuzibwa. Sehemu kubwa ya Bukavu imekaa juu ya mawe ya volkano yaliyooza zamani yakawa udongo mzito wa mfinyanzi. Ukishiba maji unateleza. Funu inajulikana kwa hilo: mtaa unashuka polepole na nyumba zake. Kama uko mahali pa hivyo, usiongeze uzito juu wala usikate mlima. Tumia pesa yako kutafuta parseli nyingine. Najua haipendezi kusikia.

Hatua ya 4. Hesabu uzito na hesabu ngazi

Nyumba ya mita 8 kwa 7 ina mita za mraba 56. Dali ya sentimita 15 juu yake ni meta kibiki 8.4 za zege, karibu tani 21. Ni kama malori matatu ya tani 7 yamepaki juu ya kuta zako usiku na mchana, na bado hujajenga ukuta wa juu, hujaweka vitanda, hujaita wageni wa matanga. Kwa mifuko 7 ya simenti kwa kila meta kibiki, dali peke yake inakula mifuko 59. Tangi la maji la lita 1000 nalo ni tani 1.

Ngazi ndiyo kitu kinachosahauliwa zaidi. Kutoka sakafu mpaka sakafu, chukua mita 2.9. Kwa kipandio cha sentimita 17 unapata vipandio 17. Ukiinyoosha, na kila mahali pa kukanyaga pakiwa sentimita 28, ngazi inachukua urefu wa mita 4.5. Ukiikunja katikati inahitaji kama mita 3.3 kwa 2. Hicho ni chumba kidogo cha mtoto, kinapotea chini na tena juu. Mtu anajenga etaji ili apate vyumba vitatu, anapoteza kimoja kwa ngazi. Ndiyo maana wengine wanaibana: vipandio vya sentimita 23, mahali pa mguu sentimita 20. Mwangalie bibi akiishuka na sahani mkononi.

Lakini mteremko wetu una zawadi moja. Kama njia inapita juu ya nyumba yako, sakafu ya etaji inaweza kuwa sawa na njia ile. Unaweka daraja fupi la zege, mlango wa etaji unafunguka moja kwa moja njiani, na ngazi ya ndani hauihitaji. Anayetaka kupangisha juu, hapo amepata mlango wake mwenyewe.

Hatua ya 5. Amua

Msingi dhaifu, ardhi tambarare, nafasi ipo: panua pembeni. Usijiulize mara mbili.

Msingi mzuri, poto za kweli, parseli imejaa: etaji, baada ya injinia kuona picha za shimo lako.

Msingi dhaifu na parseli imejaa, hali ya watu wengi Kadutu: kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusimamisha poto mpya zinazoanzia ardhini, kila moja na msingi wake, zikapita kando ya kuta za zamani na kubeba etaji yote. Ukuta wa zamani haubebi chochote. Ni ghali, lakini unalala. Ya pili ni etaji nyepesi: boriti za mbao, sakafu ya mbao, kuta za mbao, paa la mabati. Uzito ni sehemu ndogo ya ule wa dali. Hata hivyo injinia auone, na kumbuka moto. Katika mitaa ambako nyumba za mbao zimebanana, jiko moja la makaa lililosahauliwa linaondoa safu nzima. Jikoni na waya za umeme zikae mbali na mbao, na etaji iwe na njia ya pili ya kutokea.

Kuna wanaotaka kushuka, yaani kuchimba vyumba chini ya nyumba upande wa bonde. Kama nafasi tayari iko wazi kati ya poto, sawa. Kuchimba chini ya msingi ambao watu wanalala juu yake, mimi hiyo kazi siikubali, na fundi anayeikubali haraka mwogope.

Hatua ya 6. Karatasi, jirani, ndugu

Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Wewe una haki ya kuutumia, na karatasi ndiyo inayokulinda. Omba ruhusa ya kujenga kwenye ofisi ya urbanisme (mipango ya mji) kabla, hata kama unaongeza tu. Mwoneshe jirani mchoro: madirisha ya etaji yanaangalia uani kwake, na maji ya paa lako yatashukia mahali.

Kama nyumba ni ya marehemu baba, kaa na ndugu zako kwanza, muandike, mutie sahihi. Nimeona etaji nzuri ambayo mjenzi wake hakulala hata usiku mmoja. Dada zake walisema: chini ni yetu sote, wewe umejenga juu ya nini?

Hatua ya 7. Anza kazi

Anza Juni, maliza zege na paa kabla ya mvua za Septemba.

*Ukipanua pembeni:*

1. Ukuta wa kushikilia udongo utangulie chumba. Ukuta wa mawe na simenti unataka upana wa chini unaokaribia nusu ya kimo chake: kimo cha mita 2, chini mita 1. Acha matundu ya kutolea maji kila mita 1.5, na nyuma yake jaza mawe madogo, usijaze udongo. Ukizidi mita 2, mwite injinia.
2. Kata mlima vipande vifupi vifupi. Jenga kipande kimoja, ndipo ukate kingine. Watu wamefukiwa kwenye mikato hii, na mara nyingi ni vijana wa kibarua.
3. Usishone ukuta mpya kwenye wa zamani. Nyumba ya zamani ilishakaa chini. Mpya bado itakaa. Acha nafasi ya sentimita 2 mpaka 3 kati yao kuanzia msingi hadi juu, uifunike kwa ubao ao bati.
4. Paa jipya limwage maji mbali na ukuta wa zamani.

*Ukipandisha:*

1. Hamisha familia, na uhesabu kodi ya miezi hiyo. Kukaa chini ya dali mbichi ni kucheza na watoto wako.
2. Feri mpya ipishane na ya zamani mara 50 ya unene wake: feri ya milimita 12, sentimita 60. Feri iliyoliwa na kutu mpaka inamenyeka, usiiunge.
3. Feri isilale juu ya mbao za kofraji, zile zinazoshikilia zege mbichi. Weka vipande vya zege vya sentimita 2.5 chini yake.
4. Maji ya zege yawe machache. Vijana wanapenda zege inayotiririka kwa sababu ni rahisi kubeba. Ikikauka inabaki na matundu.
5. Mwagilia dali asubuhi na jioni kwa siku 7. Miti ya mikaratusi inayoishikilia ikae siku 28, hata kama mwenye miti anapiga simu kila siku.
6. Funga kuta za juu kwa shenaji inayozunguka nyumba yote. Waliokuwa hapa Jumapili asubuhi ya 3 Februari 2008 wanakumbuka tetemeko. Ukuta wa matofali usiofungwa juu unaanguka nje wote kwa pamoja.

Makosa yanayorudi kila mwaka

Kuiga jirani. Jirani ana etaji, lakini shimo lake hujaliona.

Kununua feri kwanza. Feri zikishakuwa kwenye korido, mtu hasikii tena ushauri.

Kukata ukuta wa chini ili kupanua sebule wakati huohuo unapandisha juu. Unaondoa mguu na kuongeza mzigo.

Kubadilisha fundi katikati bila michoro. Wa pili hajui wa kwanza alizika nini.

Shida zikitokea

*Ufa umetokea mahali nyumba mpya inapokutana na ya zamani.* Kama uliacha nafasi, huo si ufa, ni nafasi inafanya kazi yake. Kama uliziunga, paka kipande cha plasta juu ya ufa na uandike tarehe. Plasta ikipasuka ndani ya miezi miwili, nyumba bado inatembea. Usizibe, mwite injinia.

*Ufa wa mshazari chini, baada ya dali kumwagwa.* Simamisha kazi leo. Rudisha miti chini ya dali, watu watoke. Bei ya kuuliza ni ndogo.

*Pesa imeisha katikati.* Kawaida sana. Paka feri zilizo nje uji mzito wa simenti, funika dali isikusanye maji, ziba ngazi ili watoto wasipande. Hapo unaweza kungoja mwaka. Kuhamia juu kabla ya ukuta wa pembeni kuwepo, hapana.

*Dali inavuja.* Tafuta kwanza mahali maji yanaposimama juu. Mara nyingi mteremko wa kuyatoa haukuwekwa. Kupaka rangi kwa chini kunaficha doa tu.

*Jirani amesimamisha kazi.* Usiendelee usiku. Nenda na mchoro na ruhusa kwa mkubwa wa avenyu, mkae watatu. Nusu ya kesi hizi ni maji ya paa, na bomba la mita 6 linazimaliza.

*Matundu ya ukuta wa kushikilia udongo yanatoa maji matope.* Maji safi ni dalili nzuri. Yakiwa na matope, udongo wa nyuma unatoka na utaacha pango: fungua pale juu, ujaze mawe madogo. Na mvua ikinyesha matundu yakabaki makavu, chukua feri nyembamba uyazibue siku hiyohiyo.